Maji au Usaha?

Neno ninalokuletea katika jarida letu mwaka huu si neno la kupendeza masikioni. Wenzangu wa chama wameandika juu ya misemo ya mabaharia, juu ya majina ya samaki na juu ya lugha ya makondakta wa matatu, nami nawapa kongole. Neno langu linahusu kile kinachotoka kwenye kidonda. Kama unasoma haya ukiwa na andazi mkononi, hebu limalize kwanza kisha uje tuendelee.

Neno lenyewe nililikuta limeandikwa kwa kalamu ya buluu katika daftari la kliniki la nyanya yangu: exudate. Hapa nitaliandika kwa maandishi yetu, eksudeti, tusije tukauma ulimi. Kando yake muuguzi alikuwa ameandika neno jingine la kuonyesha kiasi, yaani si kingi, si haba. Basi. Kwa mtu wa hospitali sentensi hiyo imekamilika. Kwa nyanya, ambaye ndiye mwenye mguu, ilikuwa ni kama mtu kuletewa barua yake mwenyewe halafu asiweze kuisoma.

Sharti nieleze daftari hilo lilifikaje mikononi mwangu. Sisi wa shule ya kutwa, ambao watu wa bweni hudhani tukitoka darasani huenda kupunga upepo, tuna kazi zetu. Mama hukaanga mahamri alfajiri na jioni hukanda unga wa kesho yake. Baba yuko bandarini, na akirudi mimi nimeshalala. Nyanya naye ana maradhi ya sukari tangu sijaanza shule. Mwaka jana alikanyaga kitu uani, labda kipande cha kigae, asihisi lolote. Alijua siku ya pili tu, alipoona doa la damu kwenye ndara. Sukari ikizidi mwilini kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile ya miguuni, na mguu ukafa ganzi. Mtu anaweza kutembea na msumari ndani ya wayo akaenda sokoni akarudi.

Tangu siku hiyo kufunga kidonda ikawa kazi yangu. Muuguzi alinionyesha: nawa mikono kwa sabuni, lowesha shashi ya zamani kwa yale maji ya chumvi tuliyopewa ndipo uibandue, safisha, weka shashi mpya, zungushia bendeji bila kuikaza. Mara ya kwanza nilifumba jicho moja. Mara ya tatu nilikuwa nikifanya huku nimeshikilia kitabu cha historia kwa magoti.

Kila tukitoka kliniki nyanya huniuliza swali lile lile. "Babu, wameandika nini leo?" (Huku pwani mjukuu wa kiume huitwa babu. Ninyi wa bara msishangae.) Nami husoma: sukari ni kiasi hiki, presha ni kiasi hiki, vidonge ni vile vile, urudi baada ya wiki mbili. Siku hiyo nilipofika kwenye neno lile nikakwama. Nimwambieje? Maji? Usaha? Maji yenye damu? Kwa mujibu wa kamusi ya Kiingereza ya shuleni kwetu yote hayo yanaweza kuitwa eksudeti. Kwa Kiswahili kila moja lina jina lake, na nyanya akisikia jina moja atalala usingizi mnono, akisikia jingine hatalala kabisa. Jirani yetu mmoja, naye mgonjwa wa sukari, alianza na usaha akaishia kukatwa mguu. Mtaani petu neno usaha na neno kukatwa ni watoto wa tumbo moja.

Nikamwendea mwalimu wa biolojia wakati wa chai. Alinipa robo saa nzima, chai yake ikapoa. Kutoka kwake, na kutoka kwa vitabu alivyonielekeza, nikapata haya.

Neno limetoka Kilatini, kwenye kitenzi exsudare. Ex ni "nje". Sudare ni "kutoka jasho". Kwa hiyo eksudeti, ukilifungua kama kifurushi, ni "kilichotoka nje kama jasho". Kumbe! Ukilivua joho lake la hospitali, neno lile lililonitisha kwenye daftari linasema jambo ambalo hata mtoto wa chekechea analielewa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia nyanya, kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu, "Wameandika kwamba kidonda chako kinatoka jasho."

Nyanya akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akanionyesha mtungi wake kwa kidevu. Nyumba zenye friji zimeusahau mtungi, lakini nyanya bado anao pale pembeni, juu ya kiti chake, umefunikwa, na kata imelala juu ya kifuniko. Nje ya mtungi kulikuwa na unyevunyevu unaong'aa, kama kawaida.

"Kama ule?" akauliza.

"Kama ule."

"Basi huko si kutoka jasho, babu. Huko ni kurishai."

Mimi huyu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili kwa miaka mitatu, neno kurishai sikuwahi kulisikia darasani hata siku moja. Nyanya akanifafanulia kwamba kitu kikiwa na maji ndani, na maji yakawa yanapenya polepole mpaka yakatokea nje bila kitu chenyewe kutoboka, huko ndiko kurishai. Ukuta wa birika hurishai. Mtungi hurishai. Na kidonda, kwa nini kisirishai? Baadaye mwalimu wetu mlezi akaniambia kwamba neno hilo lina asili ya Kiarabu, kwenye kitenzi rashaha, na maana za kitenzi hicho ni kuvuja, kuchujika na, sikiliza sasa, kutoka jasho. Kwa hiyo Mlatini na Mwarabu, bila ya kushauriana, kila mmoja alitazama umajimaji unaopenya akafikiria ngozi ya mtu kwenye jua. Nami nilijiona mjanja kwa kumletea nyanya jasho la Kilatini, kumbe la kwake lilikuwa kwenye mtungi siku zote.

Sasa niseme kwa nini nililipenda zaidi neno la mtungi. Lilinisaidia kuelewa kinachotokea mguuni, jambo ambalo mchoro wa kitabu ulikuwa haujaniingiza kichwani. Udongo wa mtungi una vijitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya, hufika nje, hukauka kwa upepo, na hapo ndipo maji yaliyobaki ndani hupoa. Mishipa midogo kabisa ya damu nayo ina kuta nyembamba ambazo hupitisha maji kidogo kila siku, hata kwa mtu mzima wa afya. Mahali pakiumia, mwili hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa histamini. Mishipa ya hapo hutanuka, na seli zinazoshikana kuunda ukuta wake huachana kidogo. Kupitia nafasi hizo hutoka maji, hutoka protini, na hutoka chembe nyeupe za damu zinazokwenda kupigana na viini vya maradhi. Msafara huo wote ndio eksudeti. Haukuja kuchafua kidonda. Umetumwa.

Nimesema neno hili lina ndugu. Anaitwa transudeti, na trans kwa Kilatini ni "kupitia, kuvuka". Madaktari huwatofautisha ndugu hawa wawili kwa makini sana. Transudeti ni maji mepesi yenye protini kidogo. Hutoka kwa sababu ya msukumo ndani ya mshipa kuzidi, mathalan moyo unaposhindwa kusukuma damu sawasawa, au kwa sababu damu imepungukiwa na protini, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa wa figo au ini. Ukuta wa mshipa wenyewe ni mzima. Eksudeti ni nzito, ina protini nyingi na chembe nyingi, kwa kuwa ukuta umeachia nafasi. Kwa lugha ya uani petu, transudeti ni mtungi mzima unaorishai, na eksudeti ni mtungi uliopata ufa, ambapo maji hutoka pamoja na yale mashapo ya chini. Mwaka 1972 daktari Mmarekani aitwaye Richard Light na wenzake walitoa kipimo cha kuwatenganisha wawili hawa katika maji yanayokusanyika pembeni mwa mapafu. Sehemu moja ya kipimo hicho ni kwamba protini ya maji hayo ikizidi nusu ya protini iliyo katika damu, hiyo ni eksudeti. Kipimo hicho kingali kinatumika. Ukinisikiliza vizuri utaona kwamba jina limekaa kichekesho: anayefanana zaidi na jasho ni transudeti, lakini aliyezoeleka kuitwa jasho la kidonda ni yule mwingine.

Tuje kwa Kiswahili. Lugha yetu haikujali sana jinsi kitu kinavyotoka. Imejali kinavyoonekana. Kidonda hutoa maji, au hutoa majimaji yenye damu, au hutunga usaha. Jipu huvimba, huiva, hutumbuliwa. Sikio hutokwa na usaha, jicho huwa na tongotongo, pua kamasi. Kidonda kilichogoma kupona, kinachonuka na kuenea, ni donda ndugu, nalo jina hilo limetoka hospitalini likaenda hata kwenye siasa, ambako kila mwaka huambiwa kwamba ufisadi ni donda ndugu. Na nani asiyekumbuka jinsi Rais John Magufuli wa Tanzania, baada ya kuingia madarakani mwaka 2015, alivyoeneza msemo wa kutumbua majipu hadi ukavuka mpaka ukafika kwetu? Kila mtu alielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa kila mtu amewahi kuwa na jipu. Hakuna mwanasiasa atakayesimama jukwaani aseme atapunguza eksudeti.

Maji yale mepesi yenye umanjano hafifu yana jina lake la kitaalamu pia, na limetokana na neno serum. Kwa Kilatini cha kale serum ni yale maji yanayojitenga juu ya maziwa yakiganda. Fungua maziwa mala yaliyokaa, utayaona. Mimi tangu nijue hilo sijarudi kuyatazama maziwa mala kwa jicho la zamani, na nyanya amenikataza kulitaja jambo hilo mezani.

Usaha ni hadithi nyingine. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliamini kwamba usaha mzito mweupe ni dalili njema, wakauita usaha wa kusifiwa, na wengine walifanya makusudi ili kidonda kitunge. Katika karne ya 13 mpasuaji mmoja wa Italia, Theodoric Borgognoni, alipinga, akasema kidonda kisafishwe na kufungwa, wala usaha si wa lazima. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1867 mambo mawili yalitokea. Joseph Lister alichapisha habari za kutumia asidi ya kaboliki kuzuia vidonda visioze, na Mjerumani Julius Cohnheim, akimchunguza chura kwa hadubini, alionyesha kwamba chembe za usaha hutoka ndani ya damu kwa kupenya kuta za mishipa. Kabla ya hapo wengi walidhani usaha huzaliwa papo hapo kwenye kidonda. Miaka 15 baadaye, mwaka 1882, Elie Metchnikoff alikuwa Messina, kisiwani Sicily. Akachoma mwiba ndani ya mtoto wa kiti cha pweza, ambaye mwili wake huonekana hadi ndani kama kioo. Kesho yake akakuta chembe zimeuzunguka ule mwiba kama watu wanaomzingira mwizi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Nimekaa karibu na bahari maisha yangu yote, nimeokota viti vya pweza visivyo na idadi, wala sikujua kwamba huyo ndiye aliyetufundisha usaha ni nini. Ni mizoga ya askari wetu wenyewe, pamoja na viini walivyopigana navyo na nyama iliyokufa.

Hapo nikawa nimeelewa jambo moja ambalo nilitaka sana nyanya alielewe pia. Maji kutoka si lazima yawe habari mbaya. Nyanya alikuwa na desturi ya kutaka kuanika mguu juani ili kidonda kikauke, na mashoga zake wakimletea unga wa hili na la lile wa kukinyonya. Lakini mwaka 1962 mtafiti Mwingereza George Winter alionyesha, kwa kuchunguza majeraha ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko lililoachwa likakauka. (Habari ya nguruwe sikumwambia nyanya. Nilimwambia "wanyama".) Kwa hivyo unyevu kiasi ni rafiki. Kinachotakiwa ni kujua ni siku gani rafiki amebadilika.

Na kwa nyanya yangu kujua siku hiyo ni kazi. Mrumi Celsus, katika karne ya kwanza, aliorodhesha dalili nne za mahali palipowaka ndani ya mwili: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Tunazikariri hadi leo. Lakini mchukue nyanya. Wekundu kwenye ngozi nyeusi kama yetu hauonekani upesi. Maumivu, mguu wake hauyajui tena. Dalili mbili kati ya nne zimekwisha kabla hujaanza kuhesabu. Hubaki uvimbe, joto, na kile kinacholowesha shashi. Ndiyo maana nilianza kuitazama shashi kila nikiibandua, kabla ya kuikunja, kama mtu anayesoma: rangi gani, nyepesi au nzito, imelowa kiasi gani, inanuka au hainuki.

Majuma kadhaa yakapita, shashi ikisema jambo lile lile. Maji mepesi, manjano kwa mbali. Kidonda kikaanza kupungua pembeni.

Kisha ikafika Alhamisi moja ya muhula wa pili. Nilitoka shule saa kumi, nikafungua bendeji, na kabla ya kufika kwenye shashi harufu ikatangulia. Shashi ilikuwa imelowa hadi kwenye bendeji. Kilichokuwa juu yake kilikuwa kizito kama uji wa ngano, rangi yake kati ya manjano na kijani. Niliweka kiganja changu karibu na vidole nikahisi joto. Mguu ule mwingine ulikuwa baridi.

"Nyanya, leo kimebadilika."

"Ni maji tu, babu. Kidonda kinajisafisha. Funga."

"Haya si maji, nyanya."

"Nimesema ni maji."

Nyanya yangu si mtu wa kukalipia watu, lakini alinitazama jicho ambalo nililielewa. Alikuwa amekwisha kulifikia neno lile jingine kichwani, na nyuma ya neno hilo alikuwa amemwona jirani yetu na magongo yake. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wewe mjaribu kumwambia methali hiyo mtu aliyeitunga, au angalau aliyekufundisha.

Sikubishana. Nilifunga kidonda kwa shashi mpya. Ile ya zamani sikuitupa. Niliikunja ndani ya karatasi mbili za gazeti, nikaitia katika mkebe mtupu wa rangi, nikaufunika. Mama aliporudi nikamweleza, na alfajiri ya Ijumaa mahamri hayakukaangwa. Nyanya alikubali kwenda, kwa sharti kwamba ni kwa ajili ya kupima sukari tu.

Kliniki tulikuta foleni, tukakaa. Zamu yetu ilipofika muuguzi akamsalimia vizuri, akafungua daftari, akauliza, "Haya bibi, kidonda kinatoa nini siku hizi?"

"Maji," nyanya akajibu, macho dirishani.

Muuguzi akashika kalamu. Nami nilijua atakachoandika. Ataandika neno letu lile, eksudeti, na litakuwa kweli tupu, kwa kuwa maji ni eksudeti na usaha ni eksudeti. Neno moja pana kama jamvi, unaweza kulala juu yake na jambo lolote. Kidonda kilikuwa kimefunikwa kwa shashi safi niliyoifunga alfajiri, na foleni nje ilikuwa ndefu. Lakini kumkanusha nyanya mbele ya watu, mimi mtoto niliyelelewa miguuni pake, ulimi haukuweza. Nikauweka mkebe juu ya meza, nikasema:

"Nyanya amesema maji, nesi. Maji yenyewe ni haya hapa."

Muuguzi akafunua mkebe. Hakusema neno. Akaweka kalamu chini, akavaa glavu, akafungua bendeji mwenyewe, akabonyeza pembeni mwa kidole kidogo. Kisha akaenda kumwita daktari.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, maana hayahusu maneno. Tulipewa barua ya kwenda hospitali kubwa siku ile ile. Walipiga picha ya eksirei, wakakuta viini vimefika kwenye mfupa wa kidole kidogo. Nyanya alilazwa siku 11, akawekwa dripu ya dawa. Nyama iliyokufa ikaondolewa, na kidole hicho kikakatwa. Daktari wa zamu alimwambia mama kwamba mguu umesalimika, na kwamba wiki moja zaidi angekuwa anazungumza habari nyingine. Nyanya alilia usiku mmoja kwa ajili ya kidole chake. Asubuhi yake akaniomba nimpelekee mahamri, nami nikamkumbusha kwamba ana sukari, naye akasema alikuwa anajaribu tu kama nimelala.

Kuhusu mkebe hakunisema vibaya hata mara moja. Ila siku ya tatu wodini aliniambia, "Wewe mjanja. Hukusema uongo na hukunikosea adabu." Nikainama.

Sasa tumerudi kwenye shashi zetu. Kila nikifunga kidonda naandika kwenye daftari, chini ya maandishi ya hospitali, mstari wangu mmoja wa Kiswahili: maji mepesi, doa la ukubwa wa shilingi ishirini, hakuna harufu. Au: maji yenye damu kidogo, nzi hawakufuata. Muuguzi ameuliza nani anaandika, na siku hizi akifungua daftari huanza kusoma huo mstari. Nyanya naye hunisikiliza nikisoma kwa sauti. Usaha ukirudi, amesema mwenyewe, niandike usaha.

Katika mkutano wetu wa mwisho wa chama nililileta neno hili tulitafutie Kiswahili. Ukumbi ulichafuka. Wa kidato cha nne walitaka tubaki na eksudeti, ati neno la sayansi halitafsiriwi. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza akapendekeza jasho la kidonda, na nusu ya ukumbi ukacheka, ingawa kwa Kilatini ndiyo tafsiri iliyo sawa kuliko zote. Mimi nilisimama na rishai. Nilisema tumwache daktari na jina lake moja la jumla, nasi tuwe na kitenzi chetu: kidonda kinarishai. Kisha tuongeze nini: kinarishai maji, kinarishai damu, kinarishai usaha. Mtu akiishia kwenye "kinarishai" aulizwe "nini?" kabla ya kuachiliwa. Kura zilikuwa 14 kwa 11, na mwalimu mlezi amesema kura si hoja, tuendelee muhula ujao.

Nilimpelekea nyanya matokeo. Alifurahi kuliko mimi. Kisha akafikiri kidogo, akauliza hao Walatini wenyewe walikuwa na mitungi. Nikamwambia walikuwa nayo mingi sana, ya udongo, ya mvinyo na ya mafuta.

"Basi waliiona ikirishai," akasema, akanyoosha mguu nimfunge.